Maisha ya Ezra Stiles, Aliyewagawa Wanafunzi Mafungu Manne

Mhariri wa gazeti letu alipotutaka sisi wa Kidato cha Nne tuandike habari za watu mashuhuri wa zamani, wenzangu wengi walikimbilia wafalme na majemadari. Mimi nimemchagua mkuu wa chuo. Jina lake ni Ezra Stiles, Mmarekani, aliyefariki dunia mwaka 1795. Kwao anajulikana sana, ila nilipomtaja bwenini niliulizwa kama ni mchezaji wa mpira. Hata hivyo kila mmoja wetu, tangu mdogo wa Kidato cha Kwanza mpaka sisi tunaojiandaa kuondoka, hukutana na kazi yake kila mwisho wa muhula, pale karatasi ya matokeo inapobandikwa kwenye ubao wa matangazo.

Sababu ya kumchagua nitaieleza wazi, ingawa najua baba yangu naye atausoma ukurasa huu. Siku ya wazazi ya muhula uliopita baba alikuja kunitazama, akakabidhiwa ripoti yangu ya mtihani wa moki. Macho yake yalishuka moja kwa moja mpaka chini kabisa penye jumla ya pointi, akaniuliza ni daraja la ngapi. Nikamjibu kwamba ni la pili, kwa pointi 18. Akaikunja ripoti, akaitia katika mfuko wa koti, tukaenda kula. Hakunigombeza hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. Daraja la kwanza huishia pointi 17. Katika ripoti ile nilikuwa nimepata alama 64 katika Historia na 64 katika Jiografia, ambazo zote ni C, na 74 katika Kiingereza, ambayo ni B. Alama moja tu, katika somo lolote kati ya hayo matatu, ingalinipandisha daraja la kwanza. Tena Hesabu nilikuwa nimepata 46. Hiyo nayo ni C tu, lakini Kidato cha Tatu nilikuwa na 21, na hakuna jambo katika maisha yangu ya shule nililolitolea jasho kama ile 46. Kwenye jumla haionekani. C ya 46 na C ya 64 hukaa pamoja kama mapacha.

Nilimwendea mwalimu wetu wa Hesabu kulalamika. Alicheka sana, akaniambia kwamba kama nina ugomvi na gredi basi nikamshitaki aliyezianza, akaniandikia jina la Stiles kwenye pembe ya daftari langu. Nikaenda maktaba nikiwa na hasira, nia yangu ni kumjua adui yangu. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyorudi nayo.

Ezra Stiles alizaliwa mwaka 1727 huko North Haven, Connecticut, ambayo wakati ule ilikuwa koloni la Uingereza katika Amerika ya Kaskazini. Baba yake, Isaac Stiles, alikuwa mchungaji wa kanisa la pale kijijini. Mama yake alifariki siku chache baada ya kumzaa, kwa hiyo mtoto hakupata kumjua. Alipokuwa kijana alipelekwa Chuo cha Yale katika mji jirani wa New Haven, akamaliza masomo mwaka 1746 akiwa na umri wa miaka 18.

Hapa sina budi kusimama kidogo, maana hapa ndipo hasira yangu ilipoanza kupungua. Katika siku zile wanafunzi wa Yale hawakupangwa kwa kadiri ya akili zao. Darasa jipya lilipoingia, wakuu wa chuo waliandika orodha ya majina kwa kufuata heshima ya ukoo. Watoto wa wakubwa wa serikali walitangulia, wakafuata wengine kwa hadhi ya baba zao, mpaka ikafika zamu ya mtoto wa mkulima asiye na jina, naye akawekwa chini. Kijana aliweza kuwa hodari kuliko wote, lakini jina lake lilikaa pale pale alipowekwa kwa ajili ya baba yake. Desturi hiyo iliachwa Yale katika miaka ya 1760, na badala yake majina yakaanza kufuata alfabeti.

Niliposoma habari hiyo nilijiuliza mimi ningewekwa wapi. Baba yangu ni fundi cherehani. Ningekuwa mkiani mwa orodha siku ya kwanza, na ningekuwa mkiani siku ya mwisho, hata kama ningepata 100 katika kila somo. Basi nikaona kwamba ile 46, pamoja na udogo wake, angalau ni yangu mwenyewe. Hakuna aliyeitazama cherehani ya baba kabla ya kunipa.

Turudi kwa bwana Stiles. Mwaka 1749 alifanywa mwalimu pale pale Yale. Wakati huo Benjamin Franklin, yule aliyevumbua kinga ya radi, alikuwa amekipelekea chuo mtambo mdogo wa kutengeneza umeme, na Stiles akawa miongoni mwa watu wa kwanza wa sehemu zile kufanya majaribio nao. Urafiki wake na Franklin ulianzia hapo ukadumu maisha yao yote. Alisoma pia sheria. Lakini mwaka 1755 aliacha hayo yote akaenda kuwa mchungaji katika mji wa bandari uitwao Newport, jimbo la Rhode Island, akakaa huko zaidi ya miaka ishirini.

Mtu huyu alipenda kupima na kuhesabu kupita kiasi. Franklin alimpa kipimajoto, naye akawa akiandika hali ya hewa siku baada ya siku, miaka nenda miaka rudi. Alichora ramani ya mji wa Newport, akahesabu nyumba zake. Alihesabu watu wa makoloni akapiga hesabu kwamba wanaongezeka maradufu kila miaka 25. (Nimeijaribu hesabu hiyo mwenyewe wakati wa prepo: ni kama kusema kwamba kila mwaka huongezeka karibu watu 28 kwa kila 1,000.) Tarehe 3 Juni 1769, sayari ya Zuhura ilipopita mbele ya jua, Stiles alikuwa Newport na vyombo vyake akiitazama na kuandika saa na dakika. Alifuga hata viwavi wa hariri, nao pia akawaandikia habari zao. Alipokaribia umri wa miaka 40 alianza kujifunza Kiebrania kwa Wayahudi wa mjini, akakijua vizuri mno. Alisaidia pia kuandika hati ya kuanzisha chuo kingine mwaka 1764, ambacho leo chaitwa Brown. Mtu wa namna hiyo, nilijiambia, hawezi kuwa adui yangu kabisa. Mimi mwenyewe huhesabu ngazi kila nikipanda bweni la juu.

Lakini iko hesabu moja ambayo nilipoifikia nilifunga kitabu nikaenda kukaa nje. Mji wa Newport ulitajirika kwa ramu na kwa biashara ya watumwa. Meli zilipakia ramu, ile pombe kali ya miwa, zikavuka bahari mpaka pwani ya Guinea katika Afrika ya Magharibi, zikabadilisha ramu kwa watu. Mwaka 1756 mchungaji Stiles alimkabidhi nahodha mmoja pipa la ramu. Meli iliporudi ilimletea mtoto wa kiume, umri wake yapata miaka kumi. Jina alilopewa na mama yake huko kwao halikuandikwa. Stiles alimpa jina la mji, akaitwa Newport.

Pipa moja, mtoto mmoja. Mtu aliyeandika joto la kila siku hakuona katika hesabu hii kosa la kusahihisha. Kijana yule alimtumikia zaidi ya miaka ishirini. Katika muda huo mawazo ya Stiles juu ya utumwa yalianza kugeuka polepole. Mwaka 1773, pamoja na mchungaji mwenzake Samuel Hopkins, alitoa shauri kwamba Waafrika wawili wa mji ule wafundishwe kisha wapelekwe Guinea kuhubiri. Mwezi Juni mwaka 1778, alipokuwa akijiandaa kuanza kazi mpya, alimwacha Newport huru. Napenda kuandika kwamba habari yao iliishia hapo, lakini haikuishia hapo. Baada ya miaka michache Newport, ambaye sasa alikuwa na mke na mtoto, alirudi kufanya kazi kwa Stiles kwa mshahara, na mwanawe mwenye umri wa miaka miwili akafungwa kwa mkataba amtumikie Stiles mpaka atimize miaka 24. Kwa sheria hakuwa mtumwa. Lakini mtoto wa miaka miwili hawezi kutia sahihi.

Kazi mpya niliyoitaja ilikuwa ukuu wa Chuo cha Yale. Vita vya Wamarekani vya kupigania uhuru vilikuwa vimeanza mwaka 1775, na mwaka huo huo mkewe Stiles alifariki, akamwachia watoto. Mwaka uliofuata alihama Newport kwa kuwaogopa askari wa Uingereza. Alichaguliwa mkuu wa Yale mwaka 1777, akasimikwa mwezi Julai mwaka 1778. Chuo alichokikuta kilikuwa katika dhiki. Chakula kilikuwa haba hata ikabidi wanafunzi wapelekwe miji mingine au warudishwe makwao. Mwezi Julai mwaka 1779 askari wa Uingereza waliingia New Haven kwenyewe, na wanafunzi wakatoka na bunduki pamoja na watu wa mji. Naphtali Daggett, mzee aliyekuwa ameongoza chuo kabla ya Stiles, alishikwa bunduki ikiwa mkononi, akapigwa vibaya, na mwaka uliofuata akafa. Sisi tukilalamika kwamba maharage yana wadudu, tukumbuke hayo.

Stiles alikuwa mkuu mwenye bidii, tena mkali kidogo. Aliwalazimisha wanafunzi wapya wote kujifunza Kiebrania, kwa kuwa yeye alikipenda. Wao hawakukipenda. Kwa miaka mingi alivutana nao, mpaka mwaka 1790 akakubali kiwe somo la hiari. Nadhani kila mwalimu anayo Kiebrania yake, na wengine miongoni mwetu twaweza kuitaja.

Sasa nafika kwenye habari mbili zilizo karibu karibu, moja ya mwaka 1783 na nyingine ya mwaka 1785. Vitabu vingi huzitenga. Mimi naona yafaa kusomwa pamoja.

Mwezi Desemba mwaka 1783 mtoto wa kike aitwaye Lucinda Foote, binti wa mchungaji wa mji wa Cheshire, alimjia Stiles ili apimwe. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Masharti ya kuingia Yale wakati ule yalikuwa kujua Kilatini na Kigiriki, basi Stiles akamtahini kama alivyomtahini kijana yeyote. Akampa Virgil asome na kufasiri, akampa hotuba za Cicero, akampa Agano Jipya katika Kigiriki. Msichana akafasiri yote, akaeleza maana yake. Stiles akachukua ngozi ya kuandikia, akamwandikia cheti kwa Kilatini. Cheti chenyewe kilishuhudia kwamba mtoto huyu amefaulu kila sharti na kwamba anastahili kuingia katika darasa la kwanza la Chuo cha Yale, isipokuwa kwa jambo moja, kwamba ni mwanamke.

Hakuingia. Alirudi kwao na cheti chake.

Nimeifikiri sana habari hiyo, maana shule yetu ni ya wasichana, na wengi wetu tumewaacha nyumbani wenzetu waliokuwa na akili kutushinda. Stiles hakumwonea Lucinda katika kumpima. Angaliweza kukataa kumwona. Angaliweza kumpa maswali ya kumwangusha, kisha aseme kwamba hakuweza. Alimpima kwa haki, akaandika kweli aliyoiona, akatia sahihi yake, na mlango ukabaki umefungwa. Kipimo kilikuwa sawasawa kabisa. Mlango haukufungwa na kipimo.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1785, Stiles alikaa kuwatahini wanafunzi wa Yale. Waliokuwapo walikuwa 58, wote wavulana. Mtihani wenyewe haukuwa wa karatasi kama wetu. Mwanafunzi aliulizwa kwa mdomo mbele ya watahini, akajibu kwa mdomo. Ulipokwisha, Stiles aliandika matokeo katika kitabu chake cha kumbukumbu za kila siku, kitabu alichokiandika tangu mwaka 1769 hata kufa kwake, na ambacho kilichapishwa mwaka 1901 katika majuzuu matatu. Aliwagawa vijana wale mafungu manne, akayaita kwa Kilatini. Optimi, yaani walio bora kabisa, walikuwa 20. Optimi wa pili walikuwa 16. Inferiores, yaani wa chini, walikuwa 12. Pejores, yaani wabaya zaidi, walikuwa 10. Ukijumlisha utapata 58 kamili. Hakuna aliyeachwa nje ya fungu, na hakuna aliyekaa katikati ya mafungu mawili.

Maneno hayo manne hutajwa mara nyingi kuwa ndiyo gredi za kwanza kuandikwa katika chuo cha Marekani. Mimi nikiyatazama naona jambo jingine. Stiles hakuyajumlisha. Fungu la kijana lilikuwa habari ya mtihani ule mmoja, kama vile joto la asubuhi lilivyo habari ya asubuhi ile. Hakusema kwamba kijana mwenyewe ni Pejor kwa maisha yake yote.

Kujumlisha kulikuja baada yake. Yale ilipofika mwaka 1813 kulikuwa na kitabu maalumu cha wastani, ambamo wanafunzi waliandikiwa alama kwa kipimo cha 4, zikajumlishwa na kugawanywa. Wengi huamini kwamba hiyo 4 ni mtoto wa yale mafungu manne ya Stiles. Herufi zilichelewa zaidi. Mwaka 1897 Chuo cha Mount Holyoke, ambacho ni cha wanawake, kilianza kutoa A kwa aliyepata 95 hadi 100, na kuendelea chini mpaka E, iliyokuwa ya aliyeshindwa. Mwaka uliofuata wakaongeza F, na kushindwa kukahamia huko. Baadaye nambari za kipimo cha 4 zikaoana na herufi, na mpaka leo shule na vyuo vingi vya Marekani hufanya hivyo: A ni pointi 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, na F haina kitu.

Namna ya kupata wastani ni nyepesi, nitaieleza kwa faida ya wadogo. Katika vyuo vyao kila somo lina uzito wake, kwa kadiri ya saa zake za wiki. Tuseme mwanafunzi anasoma Hesabu saa 4, Historia saa 3, na Muziki saa 1. Hesabu amepata B, basi 4 mara 3 ni 12. Historia amepata A, basi 3 mara 4 ni 12. Muziki amepata C, basi 1 mara 2 ni 2. Jumla ni pointi 26. Saa zote ni 8. Gawanya 26 kwa 8, utapata 3.25. Huo ndio wastani wake. Katika karatasi yake ya kuombea kazi ataandika 3.25, na atakayeisoma hatajua kama muziki ndio uliomwangusha.

Vyuo vingine huongeza alama ya kujumlisha au ya kutoa mbele ya herufi, ili B ya juu itengwe na B ya chini. Vingine hutumia herufi nzima tu. Herufi nzima ndizo tunazozijua sisi hapa, kwa hiyo nilifanya majaribio yangu kwa mipaka yetu: A huanzia 75, B huanzia 65, C huanzia 45, D huanzia 30. Nikabuni wanafunzi wawili wenye masomo matano, yote ya uzito mmoja.

Wa kwanza amepata 74, 74, 74, 64 na 64. Jumla ya alama zake ni 350, wastani wake 70. Herufi zake ni B tatu na C mbili. Kwa pointi za Kimarekani ni 13, gawanya kwa 5, anapata 2.6.

Wa pili amepata 75, 65, 65, 65 na 45. Jumla ya alama zake ni 315, wastani wake 63. Herufi zake ni A moja, B tatu na C moja. Pointi 15, gawanya kwa 5, anapata 3.0.

Aliyepata alama chache ameshinda. Nilirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea. Kisha nikampelekea mwalimu, naye safari hii hakucheka, aliichukua karatasi yangu akaionyesha darasani. Jambo lenyewe ni hili: mwanafunzi anapogeuzwa kuwa herufi, alama zilizo juu ya mpaka hutupwa, na zikishatupwa hakuna wastani unaoweza kuziokota tena. Yule wa kwanza alikuwa karibu na mpaka katika kila somo, yule wa pili alikuwa amevuka kidogo tu. Nchi yetu nayo imewahi kutumia wastani wa namna hii, katika matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2014, kisha matokeo ya mwaka 2015 yakarudi kwenye madaraja tunayoyajua. Madaraja yetu hujumlisha masomo saba yaliyo bora, na A huhesabiwa 1 badala ya 4, kwa hiyo kwetu mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Lakini kasoro ya mpaka ni ile ile. Ukiondoa herufi zote ukaacha alama tupu, utakuja mzozo mwingine, maana hata mwalimu aliyesahihisha insha hawezi kuapa kwamba ile ni ya 64 na siyo 65. Nimelifikiri hilo pia. Sina jibu lake.

Imebaki miaka ya mwisho ya Stiles. Mwaka 1790 ilianzishwa katika Connecticut jumuiya ya kupigania uhuru wa watumwa, na rais wake wa kwanza akawa yeye, aliyewahi kutuma pipa Guinea. Wako wanaosema kwamba alikuwa mnafiki. Mimi naona alikuwa mtu aliyechelewa kusahihisha, na ambaye hata baada ya kusahihisha aliacha kosa ukingoni mwa karatasi. Nikitakiwa nimtie fungu moja kati ya yale manne yake, sijui nimtie lipi. Kwa elimu ni Optimi bila ubishi. Kwa Newport na mwanawe nisingemtia hata fungu la pili. Na wastani wa vitu hivyo viwili siutaki, maana ungeficha vyote viwili.

Tena liko jambo la ajabu la mwisho. Kati ya vijana waliomaliza Yale chini ya Stiles, mwaka 1792, alikuwamo Eli Whitney. Mwaka 1793 kijana huyo aliunda mashine ya kuchambua pamba, ambayo ilitenga mbegu na nyuzi upesi kuliko mikono mingi, na mwaka 1794 aliileta nyumbani kwa Stiles akamwonyesha. Mzee alipendezwa nayo, kama alivyopendezwa na kila kitu cha ufundi. Hakuweza kujua kwamba kwa ajili ya mashine ile mashamba ya pamba ya kusini yangepanuka mno, na watumwa wa kuyalima wangetafutwa kuliko kwanza, mpaka vita vya miaka ya 1860.

Ezra Stiles alifariki kwa homa tarehe 12 Mei 1795 huko New Haven, akiwa na umri wa miaka 67, angali mkuu wa chuo. Mwaka 1962 Yale ilifungua makazi mapya ya wanafunzi yenye jina lake, na yapo hata leo. Kwa miaka saba ya kwanza walioishi humo walikuwa wavulana tu. Wasichana wa shahada ya kwanza walipokelewa Yale mwaka 1969. Tangu Lucinda Foote arudi Cheshire na cheti chake, ilikuwa imepita miaka 186.

Baba, kama ripoti ile bado iko katika mfuko wa koti, Hesabu ni mstari wa tano.